Nyumba Waliyoikubali Wote

Simu haijalia.

Naanza na hilo, vijana wangu wachoraji, ili mjue mnasoma maneno ya mtu aliye katika hali gani. Mliniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya kuchora ramani za majengo ya watu wote: zahanati, masoko, vyoo vya shule, mabanda ya abiria. Nilikusudia kukaa mezani hapa nyumbani Awindiri, mjini Arua, chai ikiwa pembeni, niandike taratibu kama mstaafu anavyotarajiwa. Badala yake naandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo na simu iko kando ya karatasi. Nikikaa, miguu inatikisika yenyewe. Mkwe wangu amekwisha kulalamika: "Mama, kaa basi. Unatuzungusha vichwa."

Ninangoja habari kutoka Lobule, kule Koboko. Kuna mama kijana anaitwa Kiden, mke wa mkulima mmoja, na nyumba yao iko ng'ambo ya kijito. Mimba yake ya kwanza uchungu ulimkuta njiani akielekea zahanati. Kijito kilikuwa kimejaa. Alizalia ukingoni, kwenye majani, na mtoto hakuishi. Sasa ana mimba tena na siku zake zimefika, na mvua inanyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Koboko isiyouliza mtu ruhusa. Karibu na zahanati, upande huu wa kijito, ipo nyumba tuliyoijenga kwa ajili ya mama kama yeye, aje akae humo kabla ya uchungu kumshika. Swali ni moja tu: ameingia au bado yuko ng'ambo?

Candia atanipigia. Candia ndiye mwenzangu mdogo niliyemwachia meza yangu ofisini nilipostaafu. Mpaka apige, nitawasimulia. Nikirukaruka, mnisamehe, kichwa changu leo ni kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Nianze mbali kidogo, Vurra, mpakani.

Nyote mnajua kwamba upande wetu wa Uganda magari hupita kushoto, na ukivuka kuingia Congo magari hupita kulia. Zamani tulipewa kazi ya kuchora uwanja wa malori, mahali pa kusubiri wakati karatasi za forodha zinashughulikiwa. Tulichora lango moja pana na zuri. Wiki ya kwanza tu, lori letu lilikuja kushoto kwake, lori la Congo likaja kulia kwake, na yote mawili yakakutana pua kwa pua langoni. Madereva wakashuka.

"Wewe uko upande yangu!" alifoka wa kwetu.

"Upande yako gani? Mimi niko kuume, kama mutu wa akili!"

"Akili yako iliachwa kwenu Aru!"

"Na yako haikutoka hata kwenu Arua!"

Wachuuzi wa ndizi walicheka mpaka wakasahau kuuza. Lakini sikilizeni: hakuna aliyekuwa amekosea. Kila mmoja alifuata sheria aliyokua nayo, sheria iliyomlinda maisha yake yote. Mkubwa mmoja akatoa shauri lililosikika la busara sana: basi, wote wapite katikati. Tukachora mstari mweupe wa katikati. Kesho yake malori yaligongana katikati, na safari hii yalikuwa na mwendo zaidi, kwa sababu kila dereva aliamini amekwisha kumwachia mwenzake nafasi.

Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa njia ya katikati. Watu huisifu sana. Katika kazi yetu, mara nyingi njia ya katikati ni mahali ambapo wote wanaumia sawasawa.

Kilichosaidia ni malango mawili, kila moja likimpokea dereva kwa mazoea yake, na baina ya malango hayo uwanja mtupu wa kokoto usio na mstari wowote. Dereva akifika kwenye uwanja ule hakuti mazoea yake wala ya mwenzake, kwa hiyo anapunguza mwendo, anafungua macho, anainua mkono kumsalimu yule anayekuja. Kumbukeni uwanja huo wa kokoto. Mahali pasipokuwa na mazoea ya mtu yeyote, kila mtu huangalia.

Simu imelia. Siyo Candia. Ni mtu anauliza kama nauza mbuzi.

Haya. Nilifundishwa kazi hii na fomani mmoja, msimamizi wa mafundi, tuliyemwita Mzee Draku. Alikuwa na kigoda kidogo cha miguu mitatu alichokifunga nyuma ya baiskeli. Tukifika kwenye kiwanja kipya, sisi wenye rula tulitaka kufungua tepu ya kupimia mara moja. Yeye aliweka kigoda, akaketi, akatuambia tuketi chini. Tuliketi asubuhi nzima tukiangalia nani anapita wapi, nani anamkwepa nani, mbuzi wanalala wapi jua likipanda.

"Mzee, tunachora lini?" niliwahi kumuuliza, kwa maana siafu walikuwa wananipanda miguuni.

"Unachora sasa," alisema. "Binti yangu, kwanza unachora kwa makalio. Mkono utafuata."

Nilicheka. Siku hizi silicheki sana neno hilo. Ninyi mnachora kwa kompyuta, na mistari yenu imenyooka kuliko nafsi zetu, lakini kompyuta haina makalio. Itabidi mkalie yenu.

Sasa Lobule, na hapa ndipo nataka mfungue masikio.

Zahanati iliomba nyumba ya kungojea uzazi. Wanaoihitaji ni Wakakwa wenyeji wa pale, ambao ardhi ile ni ya ukoo wao, na pia akina mama Wakongo waliokimbilia huku na kupewa viwanja jirani. Mimi na Candia tulifanya kila kitu kama kitabu kinavyosema. Tuliwaita wote pamoja, tukawauliza wanataka nini. Mama mmoja alisema maji karibu. Wote wakaitikia. Mwingine alisema jiko lisilovuja. Wote wakaitikia. Vitanda, neti, choo chenye mlango unaofunga. Wote wakaitikia, wakapiga makofi. Candia alitoka akiwa na furaha. "Mama, sijawahi kuona mkutano wenye umoja namna hii."

Tukajenga kile walichokubaliana wote. Matofali ya kuchoma, mabati mazito, dari ya mianzi ili mvua isipige kelele juu ya vichwa vya wagonjwa. Ni nyumba nzuri, hata leo nasema ni nzuri. Ikafunguliwa, watu wakala wali, wakarudi kwao. Na vitanda vikabaki vitupu.

Mwezi ukapita, na mwingine. Mkunga wa pale, Sista Grace, alikuwa anafagia vyumba visivyo na mtu.

Tulirudi na kigoda. Siyo cha Mzee Draku, chake alizikwa nacho. Ni changu, fundi wa sokoni Arua alinitengenezea. Nikaketi karibu na pampu ya maji ambapo akina mama hukutana, nami nikawa na ndoo yangu ili nisionekane mpelelezi. Hapo ndipo nilipomjua mama mkwe wa Kiden. Anaitwa Mama Wani, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Mimi ni Mlugbara na Kikakwa changu ni cha kusalimia tu, kwa hiyo tulitumia kile Kiswahili chetu cha huku, cha sokoni na kambi za askari, ambacho kila mtu hukivaa kama koti la kuazima.

"Mama Wani," nilimwambia, "ile nyumba ina shida gani?"

"Nyumba hapana na shida. Nyumba iko mzuri sana."

"Basi mbona Kiden haji?"

Akainua jeri yake ya maji, akaiweka tena chini. "Wewe umezaa?"

"Nimezaa, mama."

"Kondo ya mtoto yako ya kwanza iko wapi?"

"Nyumbani kwa wakwe zangu. Kando ya ukuta wa jikoni."

"Nani alizika?"

"Mama mkwe wangu."

"Sasa unaniuliza nini?" Akina mama waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. "Pale kwa Sista, mtoto ikitoka, ile nyingine wanatupa kwa shimo. Shimo moja, watu wote, vidole ya mutu aliyekatwa, bandeji, kila kitu. Mtoto ya kwanza ya Kiden ilikufa kwa kijito. Hii ya pili, mimi nitupe kondo yake kwa shimo na taka? Halafu ikikufa, mniambie ni bahati mbaya?"

Hakusema hayo kwenye mkutano. Kwa nini angesema? Mbele ya wanaume, mbele ya wageni, mbele ya Sista mwenyewe? Mkutanoni kila mtu huleta sehemu yake inayofanana na ya wengine, na ile isiyofanana anaiacha nyumbani imefunikwa. Sisi tukachukua zile zinazofanana, tukazijengea paa. Lakini hakuna mtu anayeishi ndani ya yale tu anayokubaliana na jirani yake. Tulijenga ukumbi wa mkutano wenye vitanda.

Mnaona tulivyokosea? Haikuwa kukosa kuuliza. Tuliuliza, na tulipenda mno jibu moja.

Siku ile ile nilipokwenda upande wa Wakongo, nilidhani nimekwisha kuelewa. Nilidhani nao watataka kuzika. Nikaketi kwa Mama Furaha, mshonaji nguo, mwanamke mnene mwenye mzaha, ambaye majirani wote humletea siri zao pamoja na sketi za kupunguzwa.

"Aa-a, mama," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mimi sitaki wanipe ile kitu nizike. Nizike wapi? Hapa? Ukizika ya mutoto hapa, mutoto atakuwa mutu wa hapa. Udongo utamuita. Sisi tutarudia kwetu. Siku moja."

"Kwa hiyo wewe unataka shimo la Sista?"

"Shimo ya Sista haina mwenyewe. Iko muzuri. Haiite mutu."

Oneni basi. Shimo lile lile linalomfukuza Mama Wani ndilo linalompa Mama Furaha amani. Na Sista Grace naye, msimfanye adui. Nilimkuta amevaa glavu mpaka viwiko, na aliponisikia alivua moja ili anielekezee kidole vizuri.

"Mama, mimi nimezika wauguzi wenzangu. Damu inabeba magonjwa. Damu haina kabila, na ugonjwa nao hauna. Mnataka nimpe bibi kizee kondo mkononi, aende nalo barabarani linadondoka?"

"Sitaki lidondoke," nilisema.

"Basi litaenda shimoni."

Candia, ambaye alikuwa amechoka, alisema tuwaelimishe. Tulete mtu wa afya awafafanulie Mama Wani na wenzake kuwa kondo ni nyama tu. Nilimuuliza: "Na Mama Furaha tumwelimishe nini? Kwamba udongo hauiti? Na Sista, kwamba damu haiambukizi?" Nikamkumbusha malori ya Vurra. Hawa watatu hawaoni kitu kimoja kwa miwani mitatu, kwamba ukiwafutia miwani watakubaliana. Kwa Mama Wani ile ni ndugu wa mtoto. Kwa Mama Furaha ni kamba inayofunga mtu na ardhi. Kwa Sista ni hatari yenye uzito na joto. Ni dunia tatu, na zote zinakutana kwenye meza moja ya kuzalia, katika dakika ile ile.

Vijana wa chuo waliniambia siku hizi jambo hili ni somo lenye nadharia yake, ubunifu wa dunia nyingi. Nilifurahi kusikia lina jina. Nitawaeleza kwa vifaa vyangu.

Zamani, kabla ya kompyuta, tulikuwa na karatasi nyepesi zinazoonyesha kilicho chini yake. Nilitoa bunda langu la mwisho. Kwenye karatasi moja nilichora nyumba ya Mama Wani: si vile ningependa mimi, bali vile alivyonitembeza, akinishika kiwiko, njia ambayo kondo litapita kutoka mtoto anapozaliwa mpaka ukuta wa jikoni kwake. Kwenye ya pili nyumba ya Mama Furaha, ambayo njia zake zote huishia kwenye shimo lisilo na mwenyewe, na ambamo hakuna anayemwekea mtu kondo mkononi bila kumuuliza. Kwenye ya tatu nyumba ya Sista, yenye mistari mikundu mahali damu isipite. Sikuzichanganya. Niliziweka moja juu ya nyingine, nikaziinua dirishani.

Pale ambapo mistari yote mitatu ililingana, palikuwa pamekwisha kujengwa. Ndiyo ile nyumba yetu nzuri. Tulichokosa ni zile sehemu ambazo mistari haikulingana. Mchoraji asiye na subira huziita makosa, akachukua raba. Mimi nawaomba muziache. Ulizeni tu: mistari hii miwili inagombana, au inapita kila mmoja njia yake? Mara nyingi haigombani. Inahitaji mlango mwingine.

Tukatoboa ukuta. Kwenye chumba cha kuzalia cha nyumba ile, upande wa mbali na shimo, tuliweka kidirisha chenye rafu ya saruji ndani na nje. Sista, akiwa na glavu zake, anaweka kondo kwenye mfuko mzito, mfuko ndani ya chungu, kifuniko juu, kifuniko kinafungwa kwa kitambaa. Anaweka chungu kwenye rafu na kufunga kidirisha. Mama mkwe anakichukua kwa nje. Mkono wa Sista haugusi mkono wake, na chungu hakipiti mlango unaopita wagonjwa. Anayetaka shimo, shimo liko pale pale, na Sista huuliza mapema, faraghani, kabla ya uchungu. Hakuna aliyeshinda. Sista bado anaamini ni taka za hatari, Mama Wani bado anaamini ni ndugu, na kila mmoja anaona mwenzake ni mtu wa ajabu. Ukuta ni mmoja.

Msidhani tulipatia mara moja. Kidirisha cha kwanza tulikiweka upande wa banda wanapongojea waume. Mama Wani alikuja kukagua, akasimama, mikono kiunoni.

"Nyinyi iko na akili kweli? Nipite na kitu ya mjukuu yangu hapa, katikati ya wanaume wanaokula muhogo?"

Fundi mwashi alikuwa ameshika mwiko. "Mama, saruji haijakauka hata."

"Vizuri. Ikikauka ningekuja na shoka."

Fundi akaziba, akatoboa kwingine, akinung'unika kwamba ukuta huu umekuwa neti ya mbu. Alipomaliza, Mama Wani alipitisha mkono kwenye rafu, akapapasa kona zote. Hakusema asante. Alisema, "Kiden atakuja mwezi ikijaa." Nilitembea mpaka barabarani nikijizuia nisiruke.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Mwezi umejaa na kuanza kupungua. Jana Candia alisema Kiden bado yuko ng'ambo, analima palizi ya mwisho, kwa sababu mama mkwe alitoa neno lake, lakini Kiden ana kazi, na kazi haijaisha. Na mimi hapa kabati la vyombo limekuwa ofisi. Unaweza kuchora mlango sahihi kabisa, mtu akachelewa kuufikia. Hakuna rula inayopima hilo. Nimezunguka meza, nimekunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Simu.

*

Naendelea baada ya kurudi. Sasa nimekaa, ingawa si sana.

Aliyepiga alikuwa Candia. "Mama, amevuka. Mumewe amemvusha kwa baiskeli asubuhi, Mama Wani nyuma yao, maji yalikuwa kwenye magoti. Uchungu umeanza." Sikungoja amalize. Mkwe wangu alinirushia koti la mvua nikiwa nimefika langoni. Lami ya Arua mpaka Koboko niliipita kwenye gari la abiria nikiwa nimeshika kiti cha mbele kana kwamba ndimi ninayeliendesha, na kutoka Koboko mjini nilichukua boda. Kijana wa boda alisema, "Mama, hii matope itatuangusha." Nikamwambia yatuangushe tukielekea mbele.

Nilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kulia. Msichana. Kiden alikuwa amelala ubavu, amechoka, anamtazama kama mtu anayesoma jambo ambalo haliamini bado. Nilimgusa mguu tu, nikatoka. Nyuma ya nyumba, chini ya mabati ya kando, Mama Wani alikuwa amesimama na chungu mikononi.

"Mama Wani! Hongera!"

Alikuwa anaangalia upande wa kijito. Mvua ilikuwa imeshuka kwa nguvu tangu asubuhi, na sauti ya maji ilisikika mpaka pale. Kijito alichovuka mumewe Kiden kwa baiskeli kilikuwa sasa hakivukiki na mtu yeyote.

Nikaelewa: ukuta wa jikoni ambako chungu kingezikwa uko ng'ambo. Tulichora njia ya chungu kutoka ndani hadi nje. Tulichora mkono unaotoa na mkono unaopokea. Hakuna aliyechora mahali pa kungojea. Chungu hakiwezi kuwekwa chini kwenye ardhi isiyo ya nyumbani kwake, alisema Mama Wani. Kikiwekwa chini ni kama kimezikwa hapo. Hakiwezi kurudi ndani, Sista alisema kutoka dirishani, kilichotoka kimetoka. Na mwanamke yule mrefu alikuwa amekwisha kukishika muda mrefu, akikihamisha kutoka mkono huu hadi ule. Shimo lilikuwa hatua chache kutoka pale. Aliliangalia mara moja, akageuza uso.

Mama Furaha alikuwa amekuja na uji kwa mzazi. Aliweka bakuli, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Leta kwangu, mama. Nitaiweka juu ya kabati ya nyuzi. Haitagusa udongo."

Mama Wani alimtazama kwa mashaka. "Wewe si ulikataa hii mambo? Ulisema kondo inafunga mutu."

"Ya kwangu nilikataa. Hii si ya kwangu. Hii inaenda kwenu." Akanyoosha mikono. "Maji itashuka. Sisi wakimbizi, mama, kazi yetu ni kungojea. Acha ingojee na watu wanaojua."

Mama Wani alimkabidhi chungu, akasema, "Na usishone karibu yake na ile mashine yako. Inapiga kelele kama gari ya askari."

"Nitashona kwa mkono. Kwa leo."

"Mpaka kesho tu," Sista alipaza sauti. "Na kifuniko kisiguswe!"

"Ndiyo, Sista," waliitikia wote wawili, kwa mara ya kwanza kwa pamoja.

Nilikwenda nyuma yao mpaka kwa Mama Furaha, jirani na zahanati. Chungu kiliwekwa juu ya kabati, kati ya rili za uzi na picha ya harusi iliyovuka mpaka na mwenyewe. Mama Wani alivuta kiti, akaketi kukikabili, mikono magotini, na alikusudia kukaa hivyo mpaka maji yashuke. Mama Furaha akatafuta sindano.

Mimi sikuweza kukaa. Nilitoka tena kwenye mvua, nikarudi kwenye ukuta wetu, nikasimama chini ya kidirisha nikiwaza rafu ya tatu, ya kungojea: yenye paa, isiyogusa ardhi, mahali pasipokuwa pa zahanati wala pa ukoo wala pa wakimbizi. Uwanja wa kokoto kama ule wa Vurra, lakini wa chungu. Nilitoa tepu kwenye mkoba. Nimestaafu, lakini tepu bado hainitoki. Mama Furaha aliniona kupitia mlango wake, akaja mbio, mfuko wa plastiki kichwani.

"Unapima nini tena, mama? Nyumba si imeisha?"

Nilimwambia ashike ncha ya pili.